Meno ya jambia si ushahidi wa undugu: asili ya wanyama wa kale waliofanana na paka

Maalim_Mkunazini:

Assalaam alaykum ndugu zangu.

Kila panapozungumzwa wanyama wa kale katika jukwaa hili, hatokosi mtu wa kusema kwamba simba, chui na paka wa majumbani ni kizazi cha yule mnyama mwenye chonge ndefu mfano wa jambia, ambaye picha zake zimeenea mitandaoni. Kauli hiyo husemwa kwa nia njema, na hata baadhi ya wanafunzi wangu wa skuli huiandika katika majibu yao, lakini haina msingi. Nimeona niieleze nasaba ya wanyama hao kwa urefu, kwa sababu habari yenyewe ni nzuri kuliko uvumi, na kwa sababu sehemu yake moja kubwa ilitukia hapa hapa Afrika ya Mashariki, jambo ambalo vitabu vyetu vya skuli havilitaji.

Chonge za jambia hazikuzuka mara moja duniani. Zilizuka mara kadhaa, katika koo zilizoachana mbali sana, tena kwa vipindi vilivyotenganishwa na mamilioni ya miaka. Wa mwanzo tunaowajua ni gorgonopsia, walioishi kabla ya dainosaria na wakatoweka katika maangamizi ya mwisho wa enzi ya Permi, yapata miaka milioni 252 iliyopita. Mabaki yao yamechimbwa katika bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania Bara, kwa hiyo hatuna haja ya kwenda mbali kuwatafuta. Hawakuwa paka, wala hawakuwa mamalia kamili. Walikuwa tawi la shina pana ambalo baadaye lilitoa mamalia, na tawi hilo lilikatika bila ya kuacha kizazi.

Wa pili ninayemtaja, ingawa kwa wakati yeye ni wa karibu zaidi, ni Thylacosmilus wa Amerika Kusini. Mabaki yake yalipatikana Argentina mwaka 1926, na Elmer Riggs akayaeleza kitaalamu katika miaka ya 1930. Ukilitazama fuvu lake kwa mbali utaapa kwamba ni la paka. Ukilisogelea unaona kwamba mizizi ya chonge inapanda hadi juu ya matundu ya macho, kwa kuwa meno hayo yaliendelea kuota maisha yote ya mnyama, sifa ambayo hakuna paka aliyepata kuwa nayo. Taya la chini lina mbawa mbili ndefu za mfupa zilizoteremka kuzihifadhi chonge kila mdomo ulipofungwa. Jamaa zake wa karibu zaidi miongoni mwa wanyama waliopo leo ni kangaruu na oposamu. Hana undugu wa karibu na paka kuliko alionao na popo au ng'ombe, na mimi kila ninapoiona picha ya fuvu hilo hustaajabu upya.

Katika enzi ya Eosini (yapata miaka milioni 56 hadi 34 iliyopita), Amerika Kaskazini nayo ilikuwa na kundi dogo la wenye chonge za jambia, akina Machaeroides. Mwaka 2022 alitangazwa mwenzao mmoja kutoka San Diego, Kalifornia, aliyepewa jina la Diegoaelurus, aliyeishi yapata miaka milioni 42 iliyopita. Hao pia hawamo katika oda (yaani kundi kubwa la uainishaji) ya Karnivora, ambayo ndiyo yenye paka, mbwa, fisi, ngawa na chonjwe.

Baada ya hao ndipo tunapofika kwa wale wanaochanganya watu zaidi, yaani nimravidi. Edward Drinker Cope aliwatenga katika kundi lao mwaka 1880, baada ya kuona kwamba mafuvu yao, pamoja na ufanani wote wa nje, hayakubaliani na ya paka. Waliishi Amerika Kaskazini, Ulaya na Asia kuanzia mwishoni mwa Eosini hadi mwishoni mwa Oligosini, enzi iliyofuata Eosini. Miongoni mwao walikuwamo Hoplophoneus na Eusmilus wenye chonge ndefu mno, na Nimravus mwenye chonge za wastani. Liko fuvu la Nimravus lenye tundu lililotobolewa na chonge ya Eusmilus, na mfupa pembeni mwa tundu hilo umeanza kuziba, maana yake mnyama aliumwa akapona na kuishi. Nimravidi walipotoweka Amerika Kaskazini, yapata miaka milioni 26 iliyopita, bara hilo lilibakia kwa takriban miaka milioni saba bila ya mnyama yeyote wa umbo la paka, mpaka paka wa kweli walipoingia kutoka Asia.

Sasa mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: ikiwa wote wana chonge za jambia, wataalamu wanajuaje kwamba huyu ni paka na yule siye? Jawabu ni kwamba mtaalamu haanzi na chonge. Anatazama magego na anatazama sikio.

Wanyama wa oda ya Karnivora hukatia nyama kwa jozi moja maalumu ya meno, nayo ni gego dogo la nne la juu likipishana na gego kubwa la kwanza la chini, mithili ya makasi. Akina Machaeroides walikatia nyama kwa magego mengine, yaliyo nyuma zaidi, na hilo peke yake linatosha kuwatoa katika oda. Nimravidi wana jozi ile ile ya paka, kwa hiyo wamo ndani ya Karnivora, lakini sikio ndilo linalowatenga. Atakayebahatika kupata fuvu la paka wa nyumbani aligeuze chini juu, atazame nyuma ya bawaba za taya. Ataona vifuko viwili vya mfupa, laini, vilivyovimba, kila kimoja kikifunika sikio la kati la upande wake. Kifuko hicho ndani kimegawanywa vyumba viwili kwa kiwambo chembamba cha mfupa. Kiwambo hicho ni urithi ambao paka anashirikiana na jamaa zake ngawa na chonjwe, ambao sote tunawajua katika visiwa hivi. Nimravidi hawana kiwambo hicho. Mnyama anaweza kubadilika meno kwa ajili ya namna anavyowinda, lakini kiwambo cha ndani ya sikio hakina kazi katika kuua windo, na ndiyo maana kinaaminika zaidi kama shahidi wa nasaba.

Paka wa kweli wanaanzia mahali pengine. Wa zamani kabisa tunayemjua vizuri ni Proailurus, kutoka Ufaransa, aliyeishi yapata miaka milioni 25 iliyopita au zaidi kidogo. Alikuwa mdogo, mpanda miti, na chonge zake zilikuwa za kawaida. Baada yake wakaja akina Pseudaelurus wa enzi ya Miosini (yapata miaka milioni 23 hadi 5 iliyopita), na kutoka katika kundi hilo njia zikagawika: upande mmoja ukaelekea kwa paka wote tunaowaona leo, na upande wa pili ukaelekea kwa machairodonti, ambao ndio paka wa kweli wenye meno ya jambia. Huko ndiko waliko Machairodus, Homotherium, Megantereon na Smilodon mashuhuri, aliyepewa jina na Peter Wilhelm Lund mwaka 1842 kutokana na mifupa ya mapango ya Lagoa Santa nchini Brazili. Kwa hiyo Smilodon na simba ni binamu wa mbali. Hakuna aliyemzaa mwenziwe.

Jinsi machairodonti walivyopata umbo lao tunaijua kwa undani kutokana na Cerro de los Batallones, karibu na Madrid, ambako wachimbaji wa madini mwaka 1991 walifichua mashimo ya kale yaliyokuwa mitego ya asili. Wanyama walao nyama waliingia humo kufuata mizoga au maji wakashindwa kutoka, na mifupa yao ikalundikana yapata miaka milioni tisa iliyopita. Machairodus aphanistus wa huko tayari ana chonge zilizobapa, zenye makali ya msumeno, lakini fuvu lake kwa mambo mengi bado ni kama la simba au chui mkubwa. Mwenzake mdogo, Promegantereon, ana mikono yenye nguvu na ukucha mkubwa wa dole gumba, ilhali chonge zake hazijafikia urefu wa wale waliomfuata. Mabadiliko, basi, hayakuja kwa pamoja. Meno na mikono vilitangulia, fuvu na shingo vikafuata baada ya mamilioni ya miaka. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzuri kuliko wote katika uwanja huu, kwa sababu unamwonyesha mnyama akiwa katikati ya njia.

Limebakia kundi moja la wenye chonge za jambia ambalo nimeliacha kwa makusudi, la barbourofelidi, kwa kuwa najua mjadala wake utazuka humu wenyewe. Karibuni.

Bint_Chake:

Wa alaykum salaam, na shikamoo Maalim. Nashukuru kwa maelezo. Kinachonitatiza ni hiki: ikiwa koo hizi hazina undugu wa karibu, kwa nini umbo lirudi lile lile kila mara? Wanyama wanaweza kufuata njia nyingi. Kwa nini wasizuke wengine wenye silaha ya namna nyengine?

Maalim_Mkunazini:

Marahaba binti yangu. Swali lako ndilo kiini cha jambo hili.

Anza na mfano ulio mbele ya macho yetu. Pomboo wa Kizimkazi na papa wana umbo moja, mapezi ya namna moja na mgongo wa namna moja, ilhali pomboo ni mamalia anayenyonyesha na papa ni samaki. Maji ndiyo yaliyowalazimisha, kwa sababu anayetaka kwenda kasi majini ana maumbo machache tu ya kuchagua. Kwa wawindaji hawa kilicholazimisha ni kazi ya kuua windo kubwa kwa haraka. Chonge inayotoboa nyama kwa urahisi sharti iwe nyembamba na yenye ncha kali, lakini kila inavyokuwa nyembamba ndivyo inavyokuwa dhaifu na rahisi kuvunjika. Utafiti uliochapishwa Januari 2025, ulioongozwa na Tahlia Pollock, ulijaribu maumbo mengi ya chonge na ukaonyesha kwamba chonge za jambia zilizopindukia urefu ziko karibu sana na umbo bora kabisa la kutobolea. Umbo hilo ni kama kilele ambacho koo mbalimbali zilikifikia kwa njia zao.

Ukishakuwa na chonge ya namna hiyo, mwili mzima hulazimika kukubaliana nayo, na hapo ndipo ufanani unapozidi. Mdomo sharti ufunguke mno: Smilodon aliweza kuufungua karibu nyuzi 120, ilhali simba hufikia takriban nyuzi 65. Ili taya lifunguke hivyo, misuli yake ilibidi ipangwe upya, na gharama ikawa nguvu ya kuuma, kwani hesabu zilizochapishwa mwaka 2007 zilikadiria kwamba Smilodon aliuma kwa kiasi cha theluthi tu ya nguvu za simba. Upungufu huo ulifidiwa na misuli ya shingo, iliyokivuta kichwa chini. Tena, kwa kuwa chonge iliyobapa huvunjika ikipindwa kwa ubavu, mwindaji hakuweza kuhatarisha windo likipapatika. Ilibidi kwanza alikamate na kulibana chini kwa mikono mizito, ndipo aume shingoni au kooni. Ndiyo maana mifupa ya mikono ya Smilodon ni minene kupita kiasi, na ndiyo maana Thylacosmilus naye, asiye na undugu naye, alikuwa na mikono na shingo vyenye nguvu.

Lakini usidhani kwamba walikuwa nakala. Homotherium alikuwa na miguu mirefu ya mbele na chonge fupi zaidi zenye makali ya msumeno, mwindaji wa mbugani anayekwenda masafa, wakati Smilodon alikuwa mzito, mwenye mkia mfupi, mwenye kuvizia. Hao ni ndugu wa kundi moja, na bado waliachana namna hiyo.

Mwanafunzi_Tunguu:

Maalim, naomba nichangie, na pia nikupinge kidogo kwa heshima. Nimesoma kwamba barbourofelidi ni familia inayojitegemea, iliyo jirani na paka wa kweli, na kwamba asili yake ni Afrika. Uainishaji huo ulitolewa mwaka 2004. Iwapo ni sahihi, basi jambia zilizuka mara mbili ndani ya ukoo mmoja wa karibu na paka, na si sawa kuwaweka pamoja na nimravidi kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa hivi karibuni. Halafu, nimesoma pia kwamba Thylacosmilus aliangamizwa na Smilodon alipovuka kuingia Amerika Kusini. Je, hilo ni kweli?

Maalim_Mkunazini:

Ahsante mwanangu, umesoma vizuri, na pingamizi lako ni la haki.

Kuhusu Afrika hatutofautiani. Mzee wa kundi hilo anayejulikana ni Ginsburgsmilus, kutoka Napak nchini Uganda, katika miamba ya yapata miaka milioni 20 iliyopita, na alielezwa kitaalamu mwaka 2001. Afrosmilus anajulikana kutoka Kenya, na Syrtosmilus kutoka Gebel Zelten nchini Libya. Kisha kundi likatoka Afrika, likaenea Ulaya na Asia, na mwisho Barbourofelis mwenyewe, mkubwa kiasi cha simba, akaingia Amerika Kaskazini, ambako walitoweka yapata miaka milioni saba iliyopita. Inapasa mtoto wa Afrika ya Mashariki akue akijua kwamba moja ya safari ndefu kabisa za wawindaji hawa inaanzia, kwa ushahidi tulionao, kwenye miteremko ya volkeno ya kale ya Uganda. Nasikitika kuona kwamba katika mazungumzo yetu jina la Napak halitajwi, ila Smilodon wa Kalifornia tu.

Tunapoachana ni kwenye nasaba. Hoja ya mwaka 2004 ilikuwa na uzito kwa wakati wake, kwa sababu nimravidi wa mwisho wa Oligosini na barbourofelidi wa mwanzo wametenganishwa na muda na jiografia, na wazee wa Afrika walionekana kuwa na meno yanayokaribia ya paka wa awali. Kilichonielekeza upande wa pili ni Oriensmilus, mnyama wa Miosini ya kati kutoka Uchina, aliyetangazwa mwaka 2020. Fuvu lake limehifadhi kifuko cha sikio, na ndani hamna kiwambo kile nilichokieleza hapo juu. Mwaka uliofuata, Paul Barrett alichapisha uchambuzi mpana wa nasaba ambao nao uliwarudisha barbourofelidi ndani ya nimravidi. Ukiniuliza mimi, ninauamini ushahidi wa sikio kuliko wa meno, kwa sababu ile ile niliyoitaja mwanzo: meno ya wawindaji wa aina hii hufuata kazi. Hata hivyo pengo la mamilioni ya miaka kati ya nimravidi wa mabara ya kaskazini na Ginsburgsmilus wa Uganda bado liko wazi, na atakayeliziba atalazimika kuchimba katika miamba ya Afrika na Arabia.

Ama kuhusu Thylacosmilus, hiyo ni dhana iliyoenea sana, lakini tarehe haziikubali. Thylacosmilus anatoweka katika mabaki yapata miaka milioni tatu iliyopita, na Smilodon anaonekana Amerika Kusini baada ya hapo. Hawakukutana kiasi cha mmoja kumwangamiza mwenziwe.

Mzee_wa_Makunduchi:

Assalaam alaykum. Mimi si mtu wa sayansi, lakini nimeufuata uzi huu tangu mwanzo na nimefaidika. Swali langu ni juu ya chui wetu wa Unguja, ambaye wazee wetu walimjua vyema na ambaye wengine walidai kuwa wanamfuga. Je, yeye alikuwa na uhusiano gani na hawa wenye jambia? Na je, tunaweza kutarajia kuyakuta mabaki ya hao katika mapango yetu?

Maalim_Mkunazini:

Wa alaykum salaam, na shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa furaha.

Chui wa Unguja alikuwa chui kamili, wa spishi ile ile ya bara, isipokuwa alikuwa mdogo kwa umbo na madoa yake yalikuwa madogo, mengi, yaliyosongamana. Reginald Pocock alimpa jina lake la kitaalamu mwaka 1932, na aliyewahi kumtazama yule aliyekaushwa katika makumbusho yetu hapa mjini ataikumbuka ngozi yake. Yeye yumo katika tawi la paka waliopo. Paka wote waliopo leo, kutoka simba hadi yule wa jikoni, walianza kuachana takriban miaka milioni 11 iliyopita, na kabla ya hapo njia yao ilikuwa imekwisha tengana na ya machairodonti kwa muda mrefu.

Hili hatulijui kwa mifupa peke yake. Vinasaba vimetolewa katika mabaki ya Smilodon na ya Homotherium wa mwisho mwisho, wakiwemo wale waliokaa katika ardhi ya baridi. Taya moja la Homotherium lilitolewa na chombo cha wavuvi waliokuwa wakikokota wavu katika Bahari ya Kaskazini mwaka 2000, nalo lilipopimwa likaonekana kuwa na umri wa miaka 28,000 hivi. Vinasaba vya taya hilo, vilivyochapishwa mwaka 2017, vinaonyesha kwamba machairodonti waliachana na jamaa za paka wa leo yapata miaka milioni 20 iliyopita, na kwamba Homotherium na Smilodon wenyewe waliachana yapata milioni 18. Na mwaka 2024 Warusi walitangaza mtoto wa Homotherium aliyegandishwa katika barafu ya Yakutia, wa umri wa wiki tatu hivi, akiwa na manyoya yake ya rangi ya kahawia iliyoiva, shingo nene na makucha. Kwa mara ya kwanza binadamu wa leo ameiona ngozi ya mnyama wa kundi hili, na umbo la shingo yake halifanani na la mtoto wa simba wa umri huo.

Kuhusu mapango yetu, mzee wangu, sitarajii. Pango la Kuumbi, kule Jambiani, limetoa mifupa ya punda milia na nyati kutoka zama ambazo Unguja ilikuwa imeungana na bara, kabla bahari haijapanda mwishoni mwa zama za barafu. Chui wetu naye alibakia upande huu wa maji kwa sababu hiyo hiyo, na Pemba, iliyotenganishwa na mkondo wenye kina kirefu tangu zamani zaidi, haikuwa na chui. Lakini machairodonti wa Afrika, akina Homotherium, Megantereon na jamaa yao Dinofelis, ambao mabaki yao yanapatikana kuanzia Ethiopia na Kenya hadi Afrika Kusini, walikwisha toweka katika bara hili karibu miaka milioni moja kabla ya hapo. Anayetaka kuwaona kwa ukaribu aelekee Turkana, kaskazini mwa Kenya, na hasa Lothagam, alikopatikana Lokotunjailurus aliyeelezwa mwaka 2003, machairodonti wa mwishoni mwa Miosini mwenye ukucha wa dole gumba mkubwa kuliko wa simba, ingawa mwili wake haukumzidi simba.